Raha na Deni Lake

Kazi na raha ni ndugu wa nyumba moja. Mwanafunzi husoma muhula mzima akingoja likizo. Mkulima hulima na kupalilia akingoja mavuno. Mvuvi hutweka tanga alfajiri akingoja kivuli cha jioni. Asiyefanya kazi haijui ladha ya kupumzika, na asiyepumzika hufika mahali asijue tena anafanya kazi kwa ajili gani. Kwa hiyo, msomaji, sikusudii katika insha hii kukuuliza kama raha ni halali. Raha ni halali. Nakusudia kukuuliza jambo lililo gumu zaidi: raha yako inapobebwa na mabega ya watu wengine, je, una deni kwao? Na kama unalo, je, fedha uliyolipa imelimaliza?

Swali la namna hii likiachwa hewani halimfai mtu. Na tulishushe chini, tulitie katika mfano ambao macho yaweza kuutazama.

Wafikirie mume na mke wa Marekani. Mke ni muuguzi wa hospitali, na mwaka huu anatimiza miaka 60. Mume ni dereva wa lori. Si matajiri. Kwa muda mrefu wameweka akiba kidogo kidogo, na sasa wameamua kuiadhimisha siku ya kuzaliwa ya mke kwa safari ya siku saba katika meli ya utalii, kutoka bandari ya Miami, kupita visiwa vya Bahamas na bahari ya Karibi, na kurudi Miami. Meli hiyo haisafiri kwa haja ya kufika mahali. Huondoka ili izunguke na kurudi ilikotoka. Abiria wake hawahami, hawafanyi biashara, wala hawaendi kuhiji. Wanasafiri kwa ajili ya safari yenyewe.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1891 Albert Ballin, mmoja wa wakuu wa kampuni ya meli ya Hamburg, Ujerumani, aliona kwamba wakati wa baridi abiria wa kuvuka Atlantiki hupungua, na meli kubwa hukaa bila faida. Akaipeleka meli iliyoitwa Augusta Victoria katika bahari ya Mediterania kwa matembezi tu. Siku hizo matembezi ya namna hiyo yalikuwa ya matajiri. Leo yamewafikia watu wa kipato cha kadiri, na meli zenyewe zimekua kupita kiasi. Icon of the Seas, iliyoanza kuchukua abiria Miami mwezi wa Januari 2024, ina urefu wa karibu mita 365, yaani zaidi ya viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kimoja mbele ya kingine. Ina sitaha 20, mabwawa saba ya kuogelea, nafasi ya abiria wafikao 7,600, na wafanyakazi 2,350. Chombo kama hicho ni mji, ila ni mji unaoelea.

Mume na mke wetu wamo katika meli iliyo ndogo kuliko hiyo, lakini mambo yake ni yale yale. Asubuhi wakitoka kwenda kula, wakirudi hukuta chumba kimefagiwa, shuka zimetandikwa, na juu ya kitanda pana taulo iliyokunjwa kwa ustadi ikawa na umbo la tembo. Wakiona njaa, chakula kipo. Wakiona joto, maji ya kuogelea yapo. Wakichoka kukaa, muziki upo. Jioni ya siku ya kuzaliwa, mhudumu anatokea na keki yenye mshumaa mmoja unaowaka. Wenzake wanaizunguka meza, wanapiga makofi, wanaimba. Yule mama anafuta machozi. Miaka yake mingi ameipitisha kati ya vitanda vya wagonjwa, usiku watu wengine wakiwa wamelala. Leo anahudumiwa yeye. Ni nani mwenye moyo atakayemnyima saa ile moja?

Sasa msomaji, liondoe jicho lako kwa mama, ulipeleke kwa yule aliyeishika keki.

Yamkini anatoka Ufilipino, Indonesia au India, maana wafanyakazi wengi wa meli hizi hutoka huko. Yamkini pia ni kijana wa Kenya, kwani vijana wetu nao wameajiriwa humo kuwa wapishi, watumishi wa meza na wasafishaji wa vyumba. Mkataba wake ni wa miezi sita, au minane, au zaidi. Ukiisha kazi humpeleka chumba chembamba anacholala na mwenzake, aghalabu chini karibu na mstari wa maji, mahali pasipo dirisha. Nyumbani ana mtoto. Siku ya kuzaliwa ya mtoto huyo itafika na kupita baba yake akiwa baharini, naye huenda usiku huo huo akaitwa kumwimbia mtu asiyemjua, katika meza nambari fulani, huku akitabasamu. Kutabasamu ni sehemu ya kazi yake kama kubeba sahani.

Watu wa pwani husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngama ni ile sehemu ya chini kabisa ya chombo, yanakokusanyika maji yaingiayo. Katika majahazi ya zamani nahodha, baharia na abiria wote waliijua ngama, kwa kuwa chombo kilipovuja kila mwenye mkono alishika kata akayafua maji. Katika meli ya utalii methali hiyo imegawanywa nusu mbili: wako waendao tezi na omo wasiione ngama hata siku moja, na wako waishio karibu na ngama wasioruhusiwa kustarehe tezi wala omo.

Katika chuo cha ualimu ninakofundisha niliwapa wanafunzi wangu mfano huu, nikawataka waujadili. Wakagawanyika pande mbili mara moja, na kila upande ulisema maneno yanayostahili kusikilizwa.

Upande wa kwanza ulisema hivi. Hapana deni lolote. Wageni wametoa nauli, na juu ya nauli wametoa bahashishi. Mhudumu hakukamatwa kwa nguvu akatiwa melini. Aliomba kazi, akapewa, akafurahi, na mshahara wake unasomesha ndugu zake. Kama wale wawili wangekaa nyumbani kwao, yeye angepata nini? Biashara ni kupeana, na waliopeana wamekwisha lipana.

Upande wa pili ulisema, la. Raha inayosimama juu ya uchovu wa mwingine ni raha iliyooza. Heri wale wawili wangeisherehekea siku yao nyumbani, kwa chai na mkate, pamoja na watoto na majirani, kuliko kujifanya mfalme na malkia kwa siku saba.

Natuwapime wote wawili. Upande wa pili una moyo mwema, lakini hukumu yake haimwokoi mtu. Kama abiria wote wangeshuka melini kesho, yule mhudumu angerudi kwao mikono mitupu, na huruma ya wanafunzi wangu isingemlipia karo mtoto wake. Tena hukumu hiyo ingetufunga sisi sote. Shati ulilovaa lilishonwa na mtu. Sukari iliyo katika kikombe chako ilitoka katika miwa iliyokatwa juani. Hata mwalimu aliye mbele yako amekesha akisahihisha madaftari. Anayetaka kuishi bila kubebwa na mtu yeyote ahame ulimwenguni. Kutegemeana si dhambi. Ndiyo hali ya binadamu.

Upande wa kwanza una akili nzuri, lakini hesabu yake ina pengo. Fedha hununua kazi, hainunui mtu. Tofauti hii ni kubwa. Mgeni aliyelipa amenunua sahani iletwe mezani. Hakununua haki ya kumtazama aletaye sahani kana kwamba ni sahani nyingine. Wala haifuati kwamba jambo ni la haki kwa sababu pande mbili zimekubaliana, maana mwenye njaa hukubali mengi ambayo mwenye shibe angeyakataa. Ndiyo sababu mataifa yaliona haja ya kuweka sheria. Mwaka 2006, chini ya Shirika la Kazi Duniani, ulipitishwa mkataba wa kazi za mabaharia, nao ulianza kutumika Agosti 2013. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Mkataba huo unaziachia nchi kuchagua kipimo cha saa za kazi au cha saa za kupumzika. Kipimo cha kupumzika ni kwamba baharia asipate chini ya saa 10 katika kila saa 24, wala chini ya saa 77 katika kila siku saba.

Chukua kalamu, ufanye hesabu mwenyewe. Siku saba zina saa 168. Ukitoa 77 za kupumzika, husalia saa 91. Basi penye kipimo hicho mtu aweza kufanyishwa kazi saa 91 kwa juma na sheria isiwe imevunjwa. Fikiri jinsi hali ilivyokuwa hata kiasi hicho kikahesabiwa kuwa kinga. Hapo utaona kwamba kutimiza sheria ni mwanzo wa haki, si mwisho wake.

Iko siku ambayo ukweli huu ulifunuliwa mbele ya dunia nzima. Februari 2020 meli iitwayo Diamond Princess ilizuiwa Yokohama, Japani, kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Ndani yake walikuwamo watu 3,711: abiria 2,666, na wafanyakazi 1,045. Abiria waliamriwa wakae vyumbani mwao ili wasiambukizane. Lakini chakula hakina miguu. Lazima mtu apike, mtu abebe, mtu abishe hodi katika kila mlango. Wafanyakazi waliendelea kupika na kubeba, wakala pamoja na kulala wawili wawili au zaidi katika vyumba vyao, huku maradhi yakizunguka. Katika meli hiyo watu 712 waliambukizwa. Miezi iliyofuata, safari za utalii ziliposimama ulimwenguni kote, abiria walirudishwa makwao; lakini maelfu ya wafanyakazi walibaki melini majuma na miezi, bandari zikiwa zimefungwa na ndege zikiwa hazipai. Meli zilizojengwa kwa ajili ya furaha ziligeuka kizuizi kwa wale wale waliokuwa wakiitengeneza furaha hiyo. Ninakueleza haya kwa kuwa wakati wa shida huonyesha kilichokuwa kimefichwa wakati wa raha: ni nani aliyehesabiwa kuwa mtu kwanza, na ni nani aliyehesabiwa baadaye.

Deni la pili wanalo kwa mahali wanapopita. Sisi tuna neno, mgeni njoo mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba mgeni akija nyumba hupata nafuu: huchinjwa kuku ambaye asingechinjwa, na mwenyeji naye hula. Je, meli kubwa huleta uponyaji huo? Mara nyingine huuleta. Zinapotia nanga Kilindini, abiria hushuka kwenda kuiona Ngome ya Yesu, wengine huenda mbugani Tsavo, na mwenye teksi, mwenye vinyago na mwongozaji wa watalii hupata riziki. Lakini zipo kampuni zilizojipatia visiwa vyao wenyewe katika Bahamas, ambako abiria hushuka pwani ya kampuni, wakala chakula cha kampuni, wakarudi katika meli ya kampuni. Huko mgeni amekuja, lakini mwenyeji hayupo wa kupona. Nako Venice, Italia, wageni walizidi uwezo wa mwenyeji, hata ilipofika Agosti 2021 serikali ikazikataza meli kubwa kupita katika mfereji wa Giudecca, karibu na moyo wa mji. Hapo wenyeji walikuwa wakiomba nyumba yao isibomolewe na ukarimu wao wenyewe.

Sasa na tuirudie siku ya kuzaliwa, maana nadhani ndani yake mna jibu tulitafutalo.

Tunaposherehekea siku ya kuzaliwa, tunasherehekea nini hasa? Watu husema, ni siku yangu. Lakini itazame vizuri. Katika siku zote za maisha yako, hiyo ndiyo siku ambayo wewe hukufanya kitu. Mwingine aliumwa, mwingine alitokwa jasho na damu, mwingine alikushika ulipotoka, mwingine aliteka maji, mwingine alikesha. Wewe ulibebwa miezi tisa bila nauli, ukafikishwa nchi kavu ukilia, ukapewa chakula usichokifanyia kazi. Mama yako ndiye chombo chako cha kwanza, nawe ulikuwa abiria asiyemiliki hata nguo. Basi kama iko siku moja katika mwaka ambayo mtu hana haki ya kusahau kwamba alibebwa, siku hiyo ndiyo hii.

Kwa hiyo silioni kosa la yule muuguzi kuiadhimisha siku yake melini. Nalioni jambo la kufaa, ikiwa tu atafahamu alipo. Siku ile ya kwanza alibebwa na wengine. Siku ya sitini inapotimia mwaka wake, amebebwa tena. Alipokuwa mtoto mchanga hakuweza kushukuru, wala hakuna aliyemdai. Sasa aweza. Yeye hasa ajua maana ya kuhudumia mtu asiyekuuliza jina, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Akimtazama kijana aliyeishika keki, anaitazama sura yake mwenyewe ilivyokuwa usiku mmoja hospitalini, miguu ikimuuma, mgonjwa akimwita.

Utaniuliza: basi deni hili hulipwaje? Nadhani hulipwa kwa mambo matatu, na hakuna hata moja lililo juu ya uwezo wa mtu wa kawaida.

La kwanza ni kuona. Muulize mtu jina lake, ulikumbuke kesho. Mpe salamu kabla ya kumpa amri. Jambo hili ni dogo, lakini hakuna haki kubwa iliyopata kutendeka kwa mtu ambaye hakuonekana.

La pili ni kuuliza. Kabla ya kununua raha, mnunuzi na aulize inatengenezwa namna gani: watumishi wanapumzika saa ngapi, wanalipwa vipi, uchafu unamwagwa wapi, wenyeji wa bandari wanapata nini. Muuzaji husikia maswali ya mnunuzi kuliko mahubiri ya mwalimu. Wanunuzi wengi wakiuliza, kampuni hutafuta majibu. Wasipouliza, hutafuta bei ya chini tu.

La tatu ni kurudisha. Simaanishi kwamba mama wa watu aingie jikoni akaoshe vyombo vya meli. Tunasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa meli hapewi jembe hata siku ya saba. Lakini jembe lake linamngoja nyumbani. Akirudi hospitalini kwake aliyepumzika kweli, akamhudumia mgonjwa maskini kwa upole ule ule aliofanyiwa yeye mezani, basi raha yake imezaa. Raha inayomrudisha mtu kazini akiwa mwema zaidi imelipiwa. Raha inayomrudisha akiwa na majivuno, akidai kila mahali ahudumiwe kama melini, hiyo imemwongezea deni.

Wewe msomaji huenda unajiambia kwamba haya hayakuhusu, kwa kuwa huna nauli ya Miami. Yanakuhusu sana. Baadhi yenu mtapata kazi katika meli hizo, au katika mahoteli ya pwani, mkiwa na sahani mkononi. Wengine mtakuwa wageni, katika meza iliyoandaliwa na mtu mwingine. Wengi mtakuwa yote mawili kwa zamu, kama yule muuguzi. Atakayesimama na sahani asidhani kwamba ameshushwa hadhi, kwa maana anayemlisha mwenzake hana cha kuonea haya. Na atakayeketi asidhani kwamba amepandishwa, kwa maana kiti hicho hakumfanya kuwa mtu zaidi ya aliyesimama.

Wala huna haja ya kungoja kiti cha mbali. Leo jioni katika bweni lako utapewa chakula. Kuna mtu aliyeamka kabla ya jua kuwasha moto wa chakula cha asubuhi, naye ndiye atakayezima ule wa jioni. Umekula mikononi mwake tangu kidato cha kwanza. Je, walijua jina lake?